Tuzo ya Lisbon na Bibi Ambaye Hajashuka Mlimani

Mwaka 2015 tuzo mbili kubwa za kimataifa ziligusa macho ya Waafrika. Ya kwanza ilitangazwa na kila redio: Tuzo ya Nobel ya Tiba, ambayo nusu yake walipewa William Campbell na Satoshi Ōmura kwa kugundua dawa inayozuia upofu unaoletwa na usubi, na nusu nyingine Tu Youyou wa China kwa dawa ya malaria itokanayo na mmea wa artemisia. Ya pili ilipita kimya kimya, ijapokuwa fedha zake, yuro milioni 1, hazikuwa pungufu ya zile za Nobel ya mwaka huo. Hiyo ni Tuzo ya Macho ya António Champalimaud, itolewayo Lisbon, Ureno. Mashirika matatu yaliipokea kwa pamoja, na mojawapo lilikuwa limezaliwa hapa Moshi: Kituo cha Kilimanjaro cha Tiba ya Macho ya Jamii, kinachojulikana zaidi kwa ufupisho wake, KCCO.

Msomaji ana haki ya kuuliza: waligundua nini? Dawa mpya haikuwapo, wala chombo kipya cha upasuaji. Kilichotuzwa ni kazi ya miaka mingi ya kufuatilia swali linaloonekana jepesi mpaka ulisogelee. Kwa nini bibi wa Rombo aliyepofushwa na mtoto wa jicho hubaki kihambani mwake mwaka baada ya mwaka, akishikwa mkono kwenda kisimani na kanisani, ilhali kitanda cha kumrudishia nuru kipo Moshi, mwendo wa saa mbili hivi kwa basi?

Ili kuona uzito wa swali hilo, hatuna budi kwanza kuutazama ugonjwa wenyewe, kisha mnyororo mrefu wa watu waliofanya utibike.

Mtoto wa jicho ni ukungu unaotanda ndani ya lenzi, kile kioo cha asili kilicho nyuma ya mboni. Hakuna tone la dawa, la dukani wala la kienyeji, linaloweza kuuyeyusha. Tiba yake ni kuitoa lenzi iliyochafuka na kuweka mahali pake lenzi ndogo ya plastiki. Operesheni yenyewe kwa mpasuaji mzoefu haizidi nusu saa, mgonjwa akiwa macho, jicho tu likiwa limetiwa ganzi. Kwa kawaida bendeji hufunguliwa kesho yake. Wakati Shirika la Afya Duniani na washirika wake walipoanzisha mpango wa kuondoa upofu unaozuilika, mwaka 1999, ugonjwa huu ulikadiriwa kubeba takriban nusu ya upofu wote duniani. Nusu ya vipofu wa dunia, kwa maneno mengine, walikuwa wanaponyeka kwa kazi ya nusu saa.

Lenzi hiyo ya plastiki ina hadithi yake. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari Mwingereza Harold Ridley aliwahudumia marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki kutoka katika vioo vya ndege zao. Aliona kwamba jicho, ambalo kwa kawaida hulikataa kila kitu kigeni, lilivivumilia vipande vile. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, aliweka lenzi ya kwanza ya plastiki katika jicho la binadamu. Wakubwa wa taaluma walimpinga kwa miongo kadhaa. Heshima ya kuitwa Sir aliipata mwaka 2000, akabaki na mwaka mmoja tu wa kuishi. Charles Kelman wa New York, aliyebuni njia ya kuivunja lenzi chafu kwa mawimbi ya sauti na kuinyonya kupitia tundu dogo, alipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2004, miezi michache baada ya kufa kwake. Nobel yenyewe kwa tiba ya macho imekuwa bahili: Allvar Gullstrand wa Uswidi aliipata mwaka 1911, kwa kueleza jinsi jicho linavyopinda mwanga, na hadi leo hakuna daktari mwingine wa macho aliyemfuata. Tuzo zina desturi ya kuchelewa, na wakati mwingine hufika msibani.

Uvumbuzi ni kitu kimoja, bei ni kitu kingine. Katika miaka ya 1980 lenzi moja iliweza kuuzwa zaidi ya dola 100, na kwa mkulima wa ndizi au wa mpunga hiyo ilikuwa sawa na kusema haipo. Aliyekata kiungo hicho cha mnyororo ni mzee wa Kihindi, Govindappa Venkataswamy, ambaye mwaka 1976, baada ya kustaafu utumishi wa serikali, alifungua mjini Madurai hospitali ya vitanda 11 aliyoiita Aravind. Mwaka 1992 hospitali hiyo ilianzisha kiwanda chake cha lenzi, na bei ikashuka hadi karibu dola 10, kisha chini zaidi. Tuzo ya Champalimaud ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 2007, ilikwenda Aravind. Venkataswamy alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Hapa inafaa kusema neno juu ya tuzo hiyo yenyewe. António Champalimaud alikuwa mwenye viwanda, mmojawapo wa matajiri wakubwa wa Ureno, ambaye uzeeni alipungukiwa na nuru ya macho. Alipofariki mwaka 2004, wosia wake uliacha yuro milioni 500 kwa ajili ya taasisi ya utafiti wa afya. Waliokabidhiwa mali hiyo waliamua jambo ambalo naliona la busara: tuzo itolewe kwa zamu, mwaka mmoja kwa wanasayansi wa maabara na mwaka unaofuata kwa wale wanaofanya kazi vijijini, na fedha ziwe kwa kiwango kilekile. Mwaka 2011 ilipewa programu ya Kiafrika ya kudhibiti usubi, ile iliyowawezesha wanakijiji wenyewe kugawa vidonge vya ivermectin, wakiwamo wa Mahenge na Tukuyu hapa Tanzania. Kwa mara moja waliosambaza dawa walitangulia kutuzwa, miaka 4 kabla ya Stockholm kuwakumbuka walioigundua.

Turudi Moshi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na idara yake ya macho kwa miaka mingi imekuwa ikifundisha wahudumu wa macho na kupokea wagonjwa wa Kanda ya Kaskazini yote. Mwaka 2001, Paul Courtright, mtafiti wa mienendo ya magonjwa katika jamii, na Susan Lewallen, daktari wa macho, ambao wote wawili walikuwa wamefanya kazi Malawi, walianzisha KCCO pembeni mwa hospitali hiyo. Lengo lililokuwa limewekwa kwa Afrika katika mpango ule wa 1999 lilikuwa operesheni 2000 za mtoto wa jicho kwa kila watu milioni 1 kwa mwaka. Nchi nyingi za bara hili zilikuwa mbali nalo. Lililoshangaza ni kwamba hata pale penye mpasuaji, darubini na lenzi, mara nyingi wagonjwa waliofika walikuwa wachache kuliko wale ambao hospitali ingeweza kuwapasua katika wiki moja. Upande mmoja vipofu wengi, upande mwingine vitanda vitupu.

Jibu la haraka ni umaskini, na kwa sehemu ni la kweli. Lakini watafiti wa KCCO na wenzao hawakuridhika nalo. Walikwenda vijijini mkoani Kilimanjaro, wakaketi na wazee waliopasuliwa, na wazee waliokataa, na watoto wa wazee hao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la Uingereza la tiba ya macho. Kiini chake kinaweza kusemwa kwa Kiswahili cha nyumbani: uamuzi wa kupasuliwa si wa mgonjwa peke yake, ni wa ukoo. Mzee huona aibu kuomba. Kuomba nauli na gharama za hospitali ni kujitia katika hesabu za watoto wake, na huenda kukawagombanisha wenyewe kwa wenyewe juu ya nani atoe. Kwa hiyo hunyamaza, na kunyamaza kwake huchukuliwa kuwa ni kuridhika.

Yeyote aliyekulia kwenye miteremko hii atalitambua jambo hilo bila kusomewa. Mama yuko Marangu au Kibosho, katika kihamba cha migomba na kahawa, na mjukuu mmoja wa kumsaidia kazi. Watoto wako Dar es Salaam, Arusha, Nairobi. Hupiga simu. "Mama, macho yanaendeleaje?" "Aa, ni uzee tu mwanangu, namshukuru Mungu." Mazungumzo yanahamia kwenye bei ya saruji. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyekosa upendo. Na mtoto wa jicho anaendelea kukomaa.

Tena neno "mama" sikulichagua kwa kupenda. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2001 na ambao waanzilishi wa KCCO walikuwa miongoni mwa waandishi wake, ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya vipofu wa dunia ni wanawake. Sababu mojawapo ni kwamba wanawake huishi miaka mingi zaidi, lakini hiyo haitoshi. Mwaka 2002 Lewallen na Courtright walionyesha, katika jarida la Shirika la Afya Duniani, kwamba katika nchi zinazoendelea wanaume wenye mtoto wa jicho hufikiwa na upasuaji mara 1.2 hadi 1.7 zaidi ya wanawake. Jicho la mwanamke halina tofauti na la mwanamume mbele ya kisu cha daktari, kwa hiyo tofauti imo njiani.

Kwa desturi ya Uchagani kahawa ilikuwa mali ya baba, na ndizi na maziwa vilikuwa vya mama. Fedha ya kahawa huja kwa mkupuo, yatosha ada au bati. Fedha ya ndizi huja kwa vichane, na hutoka siku hiyo hiyo kwa chumvi na mafuta ya taa. Mwanamke aliyepofuka hawezi hata kwenda sokoni kuuza mkungu wake. Ataombaje nauli ya watu wawili, yake na ya atakayemshika mkono? Atalala wapi? Mbuzi atakatiwa majani na nani? Maswali haya ni madogo, na kila moja peke yake lina jibu. Yakikusanyika huwa ukuta.

Kilichofanywa kuubomoa ukuta huo hakikuwa na mbwembwe. Badala ya kungoja wagonjwa, timu ya macho ilipanga vituo maalumu katika wilaya, ikawa inavitembelea kwa ratiba inayojulikana. Matangazo yalitolewa mapema, makanisani na misikitini. Siku ikifika, macho yalipimwa palepale, na aliyehitaji upasuaji alielezwa yote, gharama na siku atakazolala, na ndugu zake wakisikia. Kisha alipandishwa gari la timu kwenda hospitali na kurudishwa baada ya kupasuliwa. Nauli, mshika mkono na hofu ya mji vikaondolewa kwa mpigo mmoja. Njia hiyo ilijaribiwa sambamba Kilimanjaro na Kwale, pwani ya Kenya, na ripoti ya mwaka 2005 ikaonyesha kwamba kote kuwili idadi ya waliopasuliwa iliongezeka sana. Mhubiri bora wa huduma hiyo, kama ilivyo kila mahali, akawa ni jirani aliyerudi akiona.

Kwa watoto wadogo mambo ni magumu zaidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo muda ulipo ghali kuliko fedha. Mtoto mchanga anaweza kuzaliwa na ukungu huohuo katika lenzi, mboni ikionekana nyeupe. Ubongo wake bado unajifunza kuona. Jicho likizibwa katika miezi ya mwanzo, ubongo haujifunzi, na baadaye hata lenzi safi haitaurudishia somo lililopotea. Tafiti zilizofanywa KCMC zilikuta watoto wakiletwa baada ya kuchelewa muda mrefu mno, hasa wale wa mbali. Na hata waliopasuliwa, wengi hawakurudi kliniki, ilhali mtoto aliyepasuliwa huhitaji miwani na uangalizi wa miaka. Dawa yake haikuwa ngumu: aliwekwa mratibu mmoja wa kuwafuatilia, mwenye daftari la majina na simu ya mkononi, anayezungumza na wazazi kabla hawajaondoka wadini, anayewapigia tarehe ikikaribia, na wazazi wakarudishiwa nauli. Mahudhurio yaliimarika, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Mtu mmoja, simu moja na nauli: sidhani kama kuna kamati ya Nobel itakayowahi kuketi kuzungumzia daftari la aina hiyo, lakini kuna vijana leo wanaosoma ubao darasani kwa sababu yake.

Kituo kilifanya mengine pia, katika trakoma kwa mfano, kule kwenye nyanda kavu ambako kope hupinda kwa ndani na kuikwaruza mboni, na katika kuwafundisha waratibu wa macho kutoka nchi nyingi za Afrika namna ya kupanga huduma za wilaya nzima. Wenzake waliotuzwa nacho mwaka 2015 walikuwa Seva Foundation ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1978, na Seva Canada. Neno "seva" ni la Kisanskriti, maana yake huduma.

Nami nakiri kwamba neno hilo "huduma" linanipa fahari na wasiwasi kwa pamoja. Ichukue Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi, inayotolewa na Japani kwa heshima ya mtafiti aliyekufa kwa homa ya manjano mjini Accra mwaka 1928. Ina mafungu mawili, utafiti na huduma. Mwaka 2008 Miriam Were wa Kenya alituzwa katika huduma. Mwaka 2013 Alex Coutinho wa Uganda, huduma. Mwaka 2019 Francis Omaswa wa Uganda, huduma. Fungu la utafiti mwaka 2008 lilikwenda kwa Mwingereza, na mwaka 2013 kwa Mbelgiji, Peter Piot, aliyekuwa kijana katika maabara ya Antwerp iliyopokea damu ya ugonjwa usiojulikana kutoka Kongo mwaka 1976. Daktari Mkongo aliyekwenda Yambuku mwaka huohuo na kuwatoa damu wagonjwa kwa mikono mitupu, Jean-Jacques Muyembe, alipata fungu hilohilo la utafiti mwaka 2019. Ugonjwa ulikuwa ebola. Kati ya chupa ya damu na jina lake kusomwa, ilipita miaka 43.

Ndiyo maana sipendi kazi ya Moshi iitwe huduma tu. Kumwuliza bibi kwa nini hakuja, kuyaandika majibu yake kwa utaratibu, kuyapima, kubadili njia na kupima tena: huo ni utafiti kamili, na majina ya Watanzania yamo miongoni mwa waandishi wa kazi hizo. Iliyotuzwa ilikuwa taasisi, na hilo ni haki, kwani hakuna mtu mmoja anayeweza kulibeba gari, ratiba na daftari. Hata hivyo muuguzi aliyewashawishi wazee kupanda gari, na dereva aliyelipitisha kwenye matope ya masika, hawamo katika orodha yoyote ya washindi.

Kuna jambo jingine ambalo tuzo haiwezi. Yuro milioni 1 hutolewa mara moja. Gari linahitaji mafuta kila wiki, na mtoto wa jicho hana mwisho, kwa kuwa kila mwaka kuna watu wanaofikisha miaka 60. Mpango wowote unaosimama pindi mfadhili anaposogea huacha nyuma yake foleni ileile, na mbele ya foleni hiyo yumo yuleyule asiyeomba.

Mwezi Desemba mabasi ya Moshi yatajaa, kama kila mwaka, na vihamba vitapata watu. Jarida hili linakuomba, wewe utakayepanda mlima kwenda kula Krismasi na wazazi, ufanye kipimo kimoja kisichohitaji daktari. Mketishe mama au baba uani mchana, penye mwanga. Simama mita 3 kutoka kwake. Mwambie afunike jicho moja kwa kiganja, umwonyeshe vidole, ahesabu. Kisha jicho la pili. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtu asiyeweza kuhesabu vidole kwa umbali huo, kwa jicho lake lililo bora zaidi, huhesabiwa kuwa kipofu, hata kama anazunguka nyumba yake bila kujikwaa. Mtazame na mboni: ikiwa nyeupe au ya kijivu, huenda ni mtoto wa jicho. Ikiwa nyeusi na bado haoni, usiseme ni uzee, kwa maana presha ya macho nayo hupofusha, na nuru iliyochukuliwa nayo hairudi. Tiba huokoa tu iliyobaki. Kama nyumbani kuna mtoto mchanga mwenye mboni nyeupe, usingoje sikukuu ziishe.

Na ukimwuliza mama kama angependa kwenda hospitali, atakuambia asante, yuko salama. Muulize tena kesho yake, nauli zenu wawili zikiwa tayari mfukoni.